Kabichi za Ndugu Ndung'u

Kuna watu wanaiba kwa kujificha, na hao mimi nawaheshimu kidogo, kwa sababu angalau wanajua kwamba wanaiba. Ndung'u hakujificha. Ndung'u aliiba mchana kweupe, Biblia kwapani, huku akinisalimu, "Bwana asifiwe, dada Wamuyu." Nami nasimama pale dirishani na mwiko mkononi, najibu, "Asifiwe," maana ningesema nini? Bwana mwenyewe hakuwa na makosa.

Nilikuwa mpishi wa chuo cha walimu wa kike, juu kidogo ya Bahati, upande wa Nakuru, miaka ile ya Imajensi, serikali ya Waingereza ilipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya vita vya msituni. Nasema mpishi, lakini kupika ni neno kubwa kwa kazi niliyoifanya. Nilichemsha. Uji asubuhi, githeri mchana, ugali na maharagwe jioni, na kesho yake hivyo hivyo. Mahindi yalikuwa ya zamani, magumu, mengine yametobolewa na wadudu. Maharagwe yaliloweshwa tangu jana na bado yakagoma kuiva. Na ukitoka nje ukitazama huku na huku, mashamba ya wazungu yalikuwa kijani mpaka macho yanauma, kabichi zimekaa kwa mistari zimenona. Mabinti wetu walikuwa ndani ya ua wa seng'enge wakitafuna vitu vya kijivu. Kutoka hawakuweza. Mkikuyu bila pasi alikuwa haendi hata mtoni, na walinzi wa getini walikuwa wanapenda sana kuuliza.

Usidhani hakuna aliyewafikiria. Kulikuwa na wale waliookoka, ndugu na dada wa vijiji vya mashambani, wanaokutana kanisani kwetu kila Jumapili mchana kuungama na kuimba. Mmoja wao, Mama Rahab, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alisimama siku moja akawaambia wenzake, "Hawa wasichana ndio watakaofundisha watoto wetu, na wanalishwa vikavu kama punda. Kila nyumba itoe kitu cha shambani." Wakatoa. Watu maskini, wenye vipande vya ardhi vya kuazimwa na mzungu, kila Alhamisi walijaza viondo: kabichi, karoti, njegere tunazoziita minji, viazi vipya, nyanya kukiwa na nyanya. Mkokoteni wa punda ukavileta chuoni. Mimi si mwepesi wa kusifu mtu, lakini hapo waliniweza.

Viondo viliingia stoo kwa mlango wa mbele, na karani wa stoo alikuwa Ndung'u. Jikoni kwangu hakikufika hata kijani kimoja.

Dirisha la jiko lilitazama nyuma ya stoo. Kila Alhamisi jioni lilikuja lori la kijani la mchuuzi mmoja wa Gilgil, aliyekuwa akiuzia askari wa kambini mboga. Ndung'u alisema linachukua magunia matupu. Magunia matupu gani yanabebwa na wanaume wawili wakihema? Magunia matupu gani yanaangusha karoti njiani? Niliiokota karoti hiyo, nikaipangusa kwa aproni, nikaila pale pale nikiwa na hasira. Ilikuwa tamu.

Na mwanamume huyo alikuwa nyota ya ushirika. Ungemsikia Jumapili! Wenzake wanaungama mambo ya kweli, mtu anasema alimpiga mkewe, mwingine anasema aliapa uongo kwa mnyapara, machozi yanawatoka. Kisha Ndung'u anainuka polepole, anafunga macho, anasema, "Ndugu zangu, wiki hii nililamba sukari ya chuo. Kijiko kimoja. Sikulala." Kanisa zima linaguna kwa huruma. Jumapili nyingine alimkasirikia punda. Jumapili nyingine alijitazama kwenye kioo cha dirisha akajipenda. Ebo! Mtu anayeungama kijiko cha sukari, nani atamuuliza habari ya viondo? Walimwona msafi kuliko wote. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma karibu na mlango, sijaokoka, kazi yangu ni kuwachemshia chai, na nilikuwa nikimtazama nikitamani kutema mate.

Ningeendelea kutamani tu, kama si Nyakio.

Nyakio ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ananiita tata, yaani mama mdogo kwa Kikuyu, nami ndiye niliyemwombea nafasi chuoni kwa kupiga magoti mbele ya Misi, mwalimu mkuu wetu mzungu, na magoti yangu hayapigwi ovyo. Baba yake alikuwa akiishi Rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, huko Nyeri, na alikuwa amekwisha kuahidi kumwoza kwa hedimani mmoja, msimamizi wa kijiji wa serikali, mzee mwenye meno ya kuhesabika, ili naye apate kulindwa lindwa nyakati zile mbaya. Chuo kilimwokoa msichana. Na kila mtu alijua sheria ya wakati ule: ukirudishwa Rizavu, hakuna pasi ya kukurejesha.

Ule mwezi wa pili, wakati wa ukame, hata managu, mboga ya porini iliyokuwa ikiota nyuma ya jiko, ilikauka. Mabinti wakaanza kunyauka nao. Wengine walichoka tu, lakini Nyakio ndiye aliyeumwa hasa. Fizi zilimvimba, miguu ikamtoka alama nyeusi kama amepigwa, akawa anapanda ngazi za darasani akishika ukuta. Muuguzi wa chuo alimtazama mdomoni akasema, "Huyu anataka mboga na matunda." Kisha akamwandikia asprini. Hapo hapo Misi akatangaza kwamba kabla ya Pasaka daktari atakuja kutoka Nakuru kuwapima wote, na asiyekuwa na afya ya kusimama darasani atarudishwa kwao.

Nikafunga aproni vizuri nikaenda kwa Misi. Nikamwambia habari ya lori, kwa heshima, bila kutukana. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama anamsikiliza mtoto anayesema ameona jitu.

"Wamuyu," akasema kwa Kiswahili chake cha misheni, "Ndung'u ni ndugu anayetembea nuruni. Kama angechukua kitu angalisema. Hata sukari alisema."

"Misi, ndiyo maana alisema sukari."

"Una moyo mchungu, Wamuyu. Tutakuombea."

Kuniombea! Nilirudi jikoni nikapiga sufuria mpaka ikabonyea. Na sijui aliambiwa na nani, lakini jioni ile Ndung'u alikuja mlangoni kwangu, akaegemea, akatabasamu. Alivaa koti jipya. "Dada," akasema, "siku hizi ni mbaya. Mtu akiwa na maneno mengi, watu wanaweza kudhani amekula kiapo cha watu wa msituni. Mimi sitaki upelekwe mbali. Nani atawapikia mabinti?" Akaniwekea mkono begani. Niliuacha ule mkono ukae, na nikaapa moyoni kwamba nitamtafuta huyu mtu mahali ambapo hawezi kukimbilia.

Mahali penyewe nilipaona Jumapili iliyofuata, nikiwa nimebeba birika la chai. Dada mmoja alisimama akamgeukia mwenzake: "Dada, nisamehe, nimekuwa nikikuchukia." Kiongozi wao, Mzee Nderitu, akasema kama anavyosema siku zote, "Mwaga yote, dada. Usipoleta sababu, giza linabaki." Yule dada akamwaga sababu zote, moja moja, mbele ya kanisa zima. Mwenye kuchukiwa hakuruhusiwa kufungua mdomo mpaka mwisho. Ndiyo desturi yao: anayetubu hakatizwi. Nikasimama pale na birika langu, chai inapoa. Lo! Wamuyu, nikajiambia, mpumbavu wewe, miaka yote hii unamimina chai tu.

Basi wiki iliyofuata nilivaa gauni langu la Krismasi. Nilipoinuka kule nyuma, watu waligeuka wote pamoja. Walikuwa wameniombea miaka. Mama Rahab alishika mdomo. Misi, aliyekuwa mbele na kofia yake, macho yalimlowa hata kabla sijasema neno. Na mabinti wa chuo walikuwa kwenye mabenchi yao, Nyakio kati yao amejifunika leso mdomoni.

"Nina dhambi," nikasema.

"Sifa kwa Bwana!" wakaitika.

"Nimemdharau ndugu Ndung'u."

Kwa hilo sikudanganya hata kidogo. Nilimgeukia. Alikuwa ameanza kutabasamu, halafu tabasamu likasimama lilipofika nusu.

"Mwaga yote, dada," akasema Mzee Nderitu, mzee wa watu, asijue anachofungua.

Nikamwaga. Nikasema nimemdharau kila Alhamisi, kwa sababu kila Alhamisi nimeona viondo vya Mama Rahab na vya wengine vikiingia mlango wa mbele wa stoo na kutoka mlango wa nyuma. Nikasema nimelidharau lile lori la Gilgil. Nikataja kabichi, nikataja minji, nikataja magunia matupu mazito. Nikasema nimeidharau sukari yake na punda wake na kioo chake. Nikasema nimelidharau koti lake jipya, na mkono wake uliokuja begani kwangu kunitisha. Nilisema nikilia, na machozi yalikuwa ya kweli, kwa hasira. Ndung'u alifungua mdomo mara mbili na mara mbili Mzee Nderitu akamwinulia kiganja: anayetubu hakatizwi.

Nikakaa chini. Nikangoja kanisa lipasuke.

Unajua watu wale walifanya nini? Waliimba! Mzee Nderitu alikuja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Tazameni mzigo aliobeba dada yetu! Miezi yote hii akimwazia ndugu yake mabaya, na leo ameutua!" Wakapiga makofi, wakaimba, wakanikumbatia mmoja mmoja, wananuka jasho na moshi. Hakuna hata mmoja aliyesikia neno kabichi. Walisikia kwamba Wamuyu ametubu. Nimeona wajinga maishani, nimefanya kazi kwa wazungu watatu, lakini ujinga wa watu wema sijaona mfano wake.

Na Ndung'u akaja. Loo, uso mkavu ule! Alikuwa ameshapata nafasi yake ya kupumua. Akafungua mikono akanivuta kifuani, akasema kwa sauti ya kanisa zima kusikia, "Dada, nimekusamehe yote uliyonidhania." Uliyonidhania! Nilisikia moyo wake unapiga haraka ndani ya lile koti. Kisha kimya kimya sikioni, "Umemaliza?"

Sikuwa nimemaliza. Lakini kusema kweli wakati ule sikujua nifanye nini tena. Nilitazama mabenchi ya wasichana nikamwona Nyakio ameondoa leso mdomoni ili aimbe, na leso ina doa jekundu. Daktari alikuwa njiani. Baada ya hapo ni hedimani.

Aliyeniokoa ni Mama Rahab, bila kujua. Alipaza sauti yake ile ya kuita ng'ombe: "Sasa waliopatana wale pamoja! Ndiyo desturi. Alhamisi waje kwangu, nichinje kuku."

Alhamisi! Mpaka Alhamisi Ndung'u angekuwa amejaza jiko langu kabichi za kuonyesha watu, na Ijumaa lori lirudi. Nikaruka kama nimekanyaga kaa. "Mama, kwa nini tungoje? Chakula cha mabinti kiko jikoni kimeiva. Twendeni wote sasa hivi. Nyinyi ndio mnaolisha chuo hiki, na hamjawahi hata siku moja kuonja mkono wangu. Leo nimetubu. Nipeni hiyo heshima."

"Amina!" akasema Mzee Nderitu. Tena nadhani alikuwa na njaa.

"Ndugu, tusiwapunguzie mabinti chakula," akasema Ndung'u haraka. "Si vizuri."

"Kipo tele," nikasema.

"Na mimi, kusema ukweli, leo nimefunga."

Mama Rahab akamgeukia. "Umefunga nini wewe? Asubuhi hii si ulikunywa chai kwangu na viazi vitamu vitatu?"

Watu wakacheka kwa upendo. Wakamshika mkono huku na huku, ndugu yao mpendwa, wakampeleka bwaloni wakiimba. Misi alitangulia na kofia yake. Mimi nilikimbia mbele nikafunue sufuria.

Niliwapakulia kwa haki. Sikumwongezea mtu wala kumpunguzia. Ugali wa unga ule wenye harufu ya gunia, na juu yake maharagwe yangu, yale magumu, yanaogelea kwenye maji ya rangi ya matope. Sikuengua wadudu walioelea siku ile. Kwa kawaida niliwaengua, Mungu ni shahidi, nilikuwa nikiinamia ile sufuria mpaka macho yananitoka, lakini siku ile nilisema wacha kila mtu apate wake. Ndung'u nilimketisha katikati ya meza, mkono wa kuume wa Misi, nikamwekea sahani kwa mikono miwili kama mkwe. "Karibu, ndugu."

Mzee Nderitu aliomba baraka ndefu. Akashukuru kwa mazao ya shamba. Akataja karoti kwa jina. Wakafumbua macho.

Watu wenye adabu wanangoja. Walidhani mboga inakuja nyuma. Misi aligeuza geuza kwa uma. Mama Rahab alitazama mlango wa jiko, akanitazama mimi, nami nilikuwa nimesimama mikono nyuma. Mwishowe akamuuliza msichana aliyekaa karibu naye, "Na minji zangu mmeweka wapi, mwanangu?"

Msichana akashangaa. "Minji gani, mama?"

"Zile za Alhamisi. Na kabichi."

"Sisi hatujawahi kula kabichi hapa," akasema msichana, kwa heshima kabisa, kama mtu anayejibu swali darasani. "Labda walimu."

Na Nyakio, maskini, yeye hakuwa anasikiliza. Alikuwa na njaa. Alitafuna haragwe gumu, akajishika shavu, akalitema mkononi, na kiganja kikajaa damu. Mama Rahab akaona. Akanyanyuka, akamshika msichana kidevu, akamfungua mdomo kama anavyofunguliwa ndama, akazitazama zile fizi. Kisha akageuka polepole akamtazama Ndung'u. Hakuna aliyeimba.

Hapo nilifurahi. Nasema wazi. Nikasema sasa leo huyu mtu ameshikwa shati.

Nami nilikuwa sijamjua bado. Ndung'u alisukuma sahani yake. Akainuka polepole, akafunga macho, na kwa sauti ile ile ya kijiko cha sukari akasema, "Ndugu zangu. Bwana amenigusa katika chakula hiki."

Akaungama! Pale pale, mbele ya maharagwe. Akalia machozi makubwa, akapiga kifua, akajiita Yuda, akajiita mbwa mwitu, akataja lori na mchuuzi na kila kitu nilichokitaja mimi saa ile ile kanisani. Lakini kikitoka kwangu kilikuwa dhana, kikitoka kwake kikawa ushindi. Mzee Nderitu alilia. Misi alilia mpaka akavua kofia. Mama Rahab peke yake alisita, nilimwona, ngumi imekunjwa, lakini wenzake walikwisha kuanza wimbo, na desturi ni desturi: aliyeungama amesamehewa, na jambo likisamehewa haliulizwi tena. Wakamkumbatia. Wakakumbatia lile koti lililonunuliwa na kabichi zao.

Nilidhani angalau Misi atamfukuza kazi. Kesho yake aliniita, uso unamng'aa, akaniambia Ndung'u ndiye atakayesimamia mboga zote za mabinti kuanzia sasa. "Kwa kuwa sasa anajua jaribu lile, Wamuyu. Hataanguka tena." Mimi nikasema, "Ndiyo, Misi." Ningesema nini?

Lakini mboga zilikuja, na hilo ndilo nililolitaka. Jumatatu ile ile Mama Rahab hakungoja Alhamisi, alikuja na mkokoteni mwenyewe, akasimama mlangoni kwangu mpaka akaona kabichi zimeingia kwenye maji. Nikapika. Jamani, nikapika! Nilikatakata kabichi nyembamba nikaikaanga na kitunguu, nikaponda viazi na minji mpaka mwiko ukakwama, nyanya nikawapa mbichi. Bwalo lilinukia mpaka getini, walinzi wakaja kuomba. Nyakio nilimpakulia mimi mwenyewe, na kila nilipopita nyuma yake nilimwongezea. Siku chache damu ikakata. Alama za miguuni zikageuka njano, zikaisha. Daktari wa Nakuru alipokuja alimwangalia mdomoni, akamgonga magoti kwa kinyundo, akapita kwa mwingine. Hakuna binti aliyerudishwa Rizavu. Jioni ile nilikaa nyuma ya jiko peke yangu nikalia kama mtoto.

Na Ndung'u je? Ndung'u alinawiri. Ule ushuhuda wa kabichi ulitoka Bahati ukafika Njoro, ukafika mpaka Gilgil kwenyewe. Aliitwa kwenye makusanyiko akausimulie, na kila alipousimulia yeye alizidi kuwa mkubwa na mimi nikazidi kupungua. Mwanzo nilikuwa dada aliyemtilia shaka. Baadaye nikawa mpishi mmoja. Mwishowe sikuwapo kabisa, alikuwapo yeye na Bwana na sahani.

Jumapili baada ya daktari, kanisa lilijaa. Ndung'u alisimama mbele akasema namna Bwana alivyomtumia kuwaletea mabinti mboga. Alimtumia! Misi akaitika amina. Mabinti wakaanza kusimama kushukuru, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alikuwa Nyakio. Alikuwa ameokoka wiki ile. Alisimama wima bila kushika benchi, mashavu yamejaa, akasema kwa sauti nzuri ya mwalimu, "Namshukuru Mungu kwa ajili ya ndugu Ndung'u. Kama si yeye, leo ningekuwa Rizavu."

Na yule mtu akanitazama. Kanisa zima, akanichagua mimi kule nyuma.

"Dada Wamuyu hajasema neno," akasema kwa upole. "Au moyo bado una kitu?"

Wakageuka wote. Misi aligeuka, kichwa upande mmoja. Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, yamejipanga, ya kumnyoa bila maji. Lakini ufunguo wa stoo ulikuwa kiunoni kwake. Alhamisi ilikuwa inakuja, na Alhamisi nyingine baada yake, na Nyakio alikuwa amebakiza mwaka mzima na nusu chuoni. Ndung'u alijua. Alinitazama kwa utulivu wa mtu anayengoja chenji yake.

Nikasimama.

"Asante, ndugu Ndung'u," nikasema. "Asante kwa mboga."

"Sifa kwa Bwana!" wakaitika, na wimbo ukaanza.

Nyakio alitoka kwenye benchi lake akaja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa na nguvu, ulinibana vidole. Macho yalikuwa yanamng'aa kwa furaha.

"Tata," akaninong'oneza, "nilijua tu siku moja moyo wako utalainika."

Nikamwambia aimbe. Nikaimba naye.